Mtoto anapobadili usingizi likizo ya mama ikimalizika

LIKIZO ya uzazi humalizika wakati mbaya. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mwajiriwa wa kike nchini Kenya miezi 3 kwa mshahara kamili, na pindi mama wa Likoni, Kisauni au Changamwe anapojiandaa kurejea kazini, ndipo usingizi wa mtoto wake unapogeuka. Mtoto aliyekuwa ameanza kulala kwa muda wa saa 4 au 5 mfululizo huanza tena kuamka kila baada ya saa 2, naye mama anatakiwa kuwahi feri au matatu ya alfajiri.

Wengi hudhani mtoto ana mchango, ama amepatwa na kijicho. Mara nyingi hana ugonjwa wowote. Ni ubongo wake unaokua.

Mtoto huzaliwa akiwa hatofautishi usiku na mchana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka wa 2019 unaeleza kuwa aliye chini ya miezi 3 huhitaji saa 14 hadi 17 za usingizi kwa siku, na wa miezi 4 hadi 11 saa 12 hadi 16, usingizi wa mchana ukiwemo. Saa hizo huja vipande vipande, kwani tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama humeng'enywa upesi. Homoni ya melatonini, inayoujulisha mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutolewa kwa mpangilio mtoto akikaribia miezi 3. Kabla ya hapo huipata kwa kiasi fulani katika maziwa anayonyonya usiku.

Mabadiliko makubwa zaidi hutokea karibu na mwezi wa 4. Awali, takriban nusu ya usingizi wa mtoto huwa ni ule mwepesi, ambapo hujinyoosha, huguna na hata kutabasamu. Baadaye usingizi wake hufanana zaidi na wa mtu mzima, wenye hatua za wepesi na uzito zinazofuatana, na mwisho wa kila mzunguko huzinduka kidogo. Ikiwa alilala akiwa kifuani au akibembelezwa begani, naye akazinduka na kujikuta peke yake kitandani, hulia akidai kurejeshwa pale alipokuwa. Ndiyo maana wauguzi hushauri alazwe akiwa ameshaanza kusinzia ila hajalala fofofo, ili azoee kumalizia safari hiyo mwenyewe. Hafaulu siku ya kwanza, wala ya tano.

Kipindi hiki huwa kigumu zaidi kwa sababu msaada umekwisha. Katika Pwani, mzazi hutunzwa na mamake au somo wake hadi arobaini itimie. Kwa bahati mbaya, utafiti wa daktari wa watoto T. Berry Brazelton wa Marekani, uliochapishwa mwaka wa 1962, ulionyesha kuwa kilio cha watoto hufikia kilele wakiwa na takriban wiki 6. Yaani wageni huaga kilio kinapozidi.

Mwangaza ndio dawa iliyo karibu. Mombasa haiko mbali na Ikweta na jua huchomoza karibu saa 12 asubuhi mwaka mzima. Mtoto atolewe barazani asubuhi badala ya kufungiwa chumbani, na usiku taa ipunguzwe, runinga izimwe, naye anyonyeshwe bila mazungumzo wala michezo. Kelele za malori ya Changamwe haziwezi kuzimwa, lakini mtoto huzoea mvumo usiobadilika, kama wa feni, kuliko sauti zinazoshtua.

Joto nalo huamsha watoto, hasa mwezi wa Februari na Machi. Hata hivyo, wapo bado wanaowavisha kofia na soksi ndani ya nyumba, desturi inayofaa kuachwa, kwani joto kupita kiasi huongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Mtoto alazwe chali, juu ya godoro gumu kiasi, bila mto, ndani ya chandarua kilichotiwa dawa. Leso nyepesi yatosha.

Kumpa dawa ya mafua ili asinzie ni hatari kubwa, na asali haifai kabla ya mwaka 1. Uji wa mapema pia hauleti usingizi. WHO hupendekeza maziwa ya mama pekee hadi miezi 6.

Kuna jambo jingine ambalo mama aliyerudi kazini huligundua kwa mshangao. Mtoto aliyekunywa kidogo mchana kwa kumkosa mama hufidia usiku. Kukamua maziwa kazini husaidia, na Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 huwataka waajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea na kutoa mapumziko yasiyozidi saa 1 katika kila saa 8 za kazi. Maziwa hayo hudumu saa 4 penye joto lisilozidi nyuzi 25, kiwango ambacho mchana wa Mombasa hukipita, hivyo yahifadhiwe kwa barafu. Mama wa kibarua, anayerudi kazini kabla hata ya arobaini, hana mahali pa kukamulia wala pa kulalamikia.

Kliniki ya chanjo ya wiki 14 huja wakati mwafaka wa kumuuliza muuguzi. Lakini mtoto mwenye homa, anayekataa kunyonya, anayepumua kwa kasi, aliyepatwa na degedege au asiyeamka hata akiguswa, asisubiri tarehe ya kliniki. Apelekwe hospitalini usiku huo huo.