Sauti Ndogo, Hasira Kubwa

Leo tutajifunza habari za watu wasioweza kuvumilia sauti fulani ndogo. Hali hiyo huitwa misofonia. Mwalimu, tafadhali liandike neno hilo ubaoni: mi-so-fo-ni-a.

Tuanze kwa mfano. Tuseme watu wa nyumba moja wameketi kula ugali kwa sato. Binti wa miaka 12 ameketi karibu na babu yake. Babu anatafuna, na sauti ya kutafuna yasikika. Ghafula binti anakunja uso, anaziba masikio, kisha anachukua chakula chake na kwenda kula peke yake jikoni. Babu anahuzunika. Baba anashika fimbo. Jirani mmoja asema mtoto ana majivuno, mwingine asema amerogwa. Je, nani amesema kweli? Huenda hakuna hata mmoja.

MISOFONIA NI NINI?

Misofonia ni hali ya mtu kushikwa na hasira, karaha au wasiwasi mkubwa mno kila asikiapo sauti fulani. Mara nyingi ni sauti za mdomo na pua: kutafuna, kumeza, kuvuta uji kwa midomo, kuvuta kamasi, au kupumua. Kwa wengine ni kidole kinachogongagonga meza. Sauti yenyewe ni ndogo, na wengine hawaitambui hata kidogo. Lakini mwenye hali hii moyo humwenda mbio, mwili humkakamaa, naye hutaka kukimbia au kugomba.

Mara nyingi hali hii huanza utotoni, au wakati wa kubalehe. Na mara nyingi sauti zinazoudhi zaidi ni za watu wa karibu: mama, babu, mume au mke. Ndiyo maana watu hudhani ni chuki. Lakini mtu aweza kumpenda sana babu yake, na bado asiivumilie sauti ya kutafuna kwake.

Tusichanganye mambo. Mtu anayeumizwa na kila sauti kubwa, au anayesikia mlio ndani ya sikio, ana shida nyingine, naye apimwe masikio. Tena, muziki wa baa unaowanyima majirani usingizi si misofonia. Hizo ni kelele, nazo zina kanuni zake za Serikali za mwaka 2015.

WATAALAMU WAMEGUNDUA NINI?

Jina la misofonia lilitungwa Marekani mwaka 2001 na wataalamu wawili, Margaret Jastreboff na Pawel Jastreboff. Lilitoka katika lugha ya Kiyunani, na maana yake ni kuchukia sauti.

Mwaka 2017 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Waliwasikilizisha watu sauti za namna tatu: sauti za kawaida kama mvua, sauti zisizopendeza kama mtoto anayelia, na sauti za kula na kupumua. Mvua haikuleta tofauti. Lakini sauti za kula zilipotolewa, wenye misofonia mioyo yao ilipiga mbio na sehemu fulani ya ubongo wao ikafanya kazi kupita kiasi. Wengine hawakupatwa na hayo.

Mwaka 2021 wachunguzi wa chuo hicho hicho walionyesha kwamba, kwa watu hawa, sehemu ya ubongo inayosikia imefungamana mno na sehemu inayoongoza mdomo. Ni kana kwamba mdomo wa mwenzake umeingia ndani ya mwili wake. Basi fimbo itasaidia nini hapo? Fimbo humwongezea mtoto hofu tu.

MSAADA NYUMBANI

Kwanza, zungumzeni, lakini si wakati wa kula. Ngojeni hasira itulie. Binti aweza kusema, “Babu, nisamehe. Sikudharau. Sauti ya kutafuna hunitesa, nami sijui kuizuia.” Naye babu aweza kujibu, “Mjukuu wangu, nimekuelewa. Tutafute njia.”

Pili, wekeni sauti nyingine ya kufunika ile inayoudhi. Redio ya sauti ya chini wakati wa kula yaweza kusaidia sana.

Tatu, mruhusuni akae mbali kidogo, au apumzike nje kisha arudi. Kula mbali mara moja moja si kuvunja heshima.

Nne, asizibe masikio kutwa nzima. Masikio yaliyozoea ukimya huzidi kuudhiwa na sauti.

Na wewe mwenye hali hii, kumbuka: misofonia yaeleza hasira yako, lakini haikupi ruhusa ya kutukana wala kupiga.

MSAADA HOSPITALINI

Kama hali yavunja ndoa, yamzuia mtoto kusoma, au yakufanya ukimbie watu, nenda kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Huenda mganga hajalisikia jina hili. Basi mweleze mambo matatu: ni sauti gani, mwili wako hufanya nini, na ilianza lini. Omba upimwe masikio, kisha uulizie huduma ya afya ya akili. Ikihitajika, utapewa barua ya rufaa kwenda Mwanza mjini. Hospitali ya Bugando ina wataalamu wa masikio na wa afya ya akili pia. Kwenda kwa daktari wa akili si kusema kwamba una wazimu.

Hakuna kidonge kilichothibitika kuponya misofonia. Msaada uliojaribiwa zaidi ni mazungumzo na mtaalamu, ambamo mtu hujifunza kubadili mawazo na matendo yake asikiapo sauti ile. Katika jaribio la Amsterdam, Uholanzi, lililotangazwa mwaka 2021, zaidi ya theluthi moja ya waliofundishwa hivyo walipata nafuu kubwa. Si wote, lakini si haba. Kwa hiyo akija mtu na dawa ya kuondoa hali hii kwa siku moja, usiuze ng'ombe wako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini watu hudhani mwenye misofonia ana dharau?
2. Ungekuwa baba wa binti yule, ungefanya nini baada ya chakula?
3. Andika sentensi tatu utakazomwambia mganga wa zahanati.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji.