Muhogo Mtamu na Muhogo Mchungu

Katika nchi ya Bunyakiri mvua ni nyingi, na muhogo hustawi sana. Watu hula bugali wa muhogo, tena hula majani yake, ndiyo sombe. Lakini muhogo si wa namna moja. Uko mtamu, uko na mchungu. Mtamu hupikwa tu na kuliwa. Mchungu una sumu nyingi: sharti uloweshwe katika maji siku tatu au zaidi, uanikwe juani mpaka ukauke, ndipo utwangwe.

Mbona basi watu hupanda mchungu? Kwa sababu nyani na nguruwe wa mwitu hawaupendi, na mwizi haning'inizi roho yake kwa kuutafuna usiku. Kwa watu wanaolima karibu na msitu wa Kahuzi, jambo hilo si dogo.

Muhogo uking'olewa hauwekeki. Baada ya siku mbili tatu huanza kuoza. Kwa hiyo ghala yake ni udongo wenyewe: huachwa shambani, nao hung'olewa kidogo kidogo, hata mwaka mzima na zaidi. Mama aliyeupanda huijua mihogo yake kwa rangi ya vikonyo na ngozi ya mti. Lakini siku ya kuung'oa huenda yuko sokoni, na anayetumwa shambani ni mtoto. Tena miti ikikatwa iwe mbegu, majani huanguka. Shangazi akileta mzigo wa mbegu kutoka kijiji kingine, nani atajua?

Kosa hapo si la tumbo tu. Mtu akila sumu nyingi mara moja hutapika, huona kizunguzungu, hata huweza kufa. Akila muhogo mchungu usioloweshwa vema kwa majuma mengi, bila maharagwe, samaki wala nyama, huweza kushikwa na konzo. Miguu yote miwili hukakamaa ghafula, wala haiponi tena. Kwa Kiyaka neno hilo maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, baada ya ugonjwa kuonekana Kwango. Baadaye ulionekana hata Kivu ya Kusini. Huwashika zaidi watoto na wanawake.

Basi, shamba lipewe alama. Karatasi haifai, mvua huila. Wino nao huoshwa. Kalamu ya risasi hudumu zaidi juu ya ubao. Kipande cha mkebe wa samaki kilichokwaruzwa kwa msumari hudumu kuliko vyote. Mwanzi uliopasuliwa ni mzuri pia. Msitumie mti wa muhogo kuwa kigingi, maana utachipuka, na alama itakuwa mmea mwingine!

Nyumbani si wote wanaojua kusoma. Kwa hiyo chini ya jina hukatwa pengo moja kwa muhogo mtamu, mapengo mawili kwa mchungu. Bibi huyapapasa kwa kidole hata gizani. Alama hiyo hiyo hufungwa katika kila mzigo wa mbegu na katika kila kikapu, kwani muhogo uliokwisha kumenywa na kukauka hufanana wote.

Kibao kikianguka, kisimamishwe siku ile ile. Kikipotea, wala hapana mtu anayekumbuka mstari wake, mihogo yote ya mstari ule huhesabiwa kuwa michungu, nayo huloweshwa.