Je, Wajua? Tom Wills na Kandanda ya Kiaustralia
Tom Wills, aliyezaliwa mwaka 1835 katika koloni la New South Wales na kusomeshwa Rugby School nchini Uingereza, alikuwa tayari nyota wa kriketi alipoandika barua gazetini, Julai 1858, akihimiza iundwe klabu ya kandanda ili wanakriketi wa Victoria wasilegee viungo majira ya baridi. Mei 1859 alishiriki kutunga kanuni za klabu ya Melbourne, chimbuko la kandanda ya Kiaustralia, ambamo mpira hupigwa teke na pia kudakwa kwa mikono. La kustaajabisha zaidi ni kwamba, ingawa baba yake aliuawa na Waaborijini, yaani wenyeji wa asili, huko Queensland mwaka 1861, miaka mitano baadaye Wills aliinoa timu ya kriketi ya Waaborijini, akawa pia nahodha wake.