Mlio Hafifu Kabla ya Kishindo

Panya mdogo wa maabara anaingizwa katika mrija wa plastiki angavu uliowekwa juu ya kifaa kinachopima kila mtikisiko wa mwili wake. Spika inavuma mfululizo kwa desibeli zipatazo 65, kisha, bila taarifa, unalipuka mlio wa desibeli 120. Shingo inajikunja, mgongo unapinda, miguu inakakamaa. Sauti imetoka sikioni, ikapita shina la ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye misuli, kwa njia fupi mno isiyongoja fikra.

Mlio huohuo ukirudiwa, ila ukatanguliwa na mwingine hafifu milisekunde 100 kabla, panya hushtuka kidogo tu. Ubongo ungali unashughulikia sauti ya kwanza, hivyo unaipunguzia makali ya pili. Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Marekani, Frances Graham, alitoa hoja kwamba mchujo huo huilinda taarifa ya kwanza isivurugwe kabla haijaeleweka. Hoja hiyo ndiyo inayonivuta kwenye suala la kumbukumbu, kwani jambo lililovurugwa mlangoni halina namna ya kuhifadhiwa vizuri ndani.

Ushahidi unaonigusa zaidi ulitoka katika maabara ya Susumu Tonegawa, kwenye chuo cha MIT. Watafiti walizalisha panya waliokosa kalsinyurini katika ubongo wa mbele. Hicho ni kimeng'enya kinachohitajika ili miunganiko ya seli za neva iweze kulegezwa. Matokeo ya mwaka 2001 yalishangaza: panya hao walijifunza bila shida mahali palipofichwa jukwaa ndani ya maji, mradi lisihamishwe. Lilipohamishwa kila siku, wakatatizika. Kumbukumbu ya mambo ya kudumu ilikuwa salama. Iliyoyumba ni ile ya kushika jambo la leo bila kuchanganywa na la jana. Mwaka 2003 ikaripotiwa kwamba panya wa aina hiyohiyo wana mchujo dhaifu wa sauti na hujitenga na wenzao, dalili zinazofanana na baadhi ya zile za skizofrenia. Udhaifu huo wa mchujo mtafiti David Braff na wenzake walikwisha kuuona kwa wagonjwa wenyewe mwaka 1978.

Kasoro mbili kukaa katika mnyama mmoja hakuthibitishi kwamba moja imezaa nyingine. Hata hivyo naona zina mzizi wa pamoja: uwezo wa kulipa jambo moja zamu yake na kuyazuia mengine.

Vipimo hivi vinataka uangalifu mkubwa. Panya wa ukoo wa C57BL/6, wanaotumika sana, hupoteza usikivu wa sauti nyembamba kadiri wanavyozeeka, na asiyeusikia mlio wa kwanza ataonekana kana kwamba mchujo wake umeharibika. Isitoshe, mshtuko wenyewe hubeba kumbukumbu. Panya aliyezoea kishindo hushtuka kidogo hata kesho yake. Aliyefundishwa kwamba taa ikiwaka huumizwa, hushtuka zaidi taa hiyo inapowaka, kwa kazi ya amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu. Ndiyo maana milio yenye kitangulizi na isiyo nacho huchanganywa bila mpangilio katika kipindi kimoja, ili mazoea yasije yakahesabiwa kuwa mchujo.