Tangi la chini hupimwa umeme unapopotea

UMEME unapopotea ghafla usiku, pampu ya maji katika tangi la samaki hunyamaza. Kwa anayefuga samaki wa maji matamu, huo huwa usumbufu mdogo tu. Lakini kwa mwenye samaki wa baharini, aliyeunganisha tangi la sebuleni na tangi la pili lililofichwa chini ya meza ili kuchuja maji, dakika chache zinazofuata ndizo hudhihirisha iwapo fundi alipiga hesabu au alibahatisha.

Sehemu ya maji ya tangi la juu huteremka yenyewe hadi lile la chini. Ikiwa nafasi ya kuyapokea haikuachwa, maji hayo ya chumvi huishia zuliani na, la kutisha zaidi, kwenye soketi za umeme.

Tangi hilo la chini, ambalo wafugaji huliita sampu, halina umbo la ajabu. Ni sanduku la kioo au plastiki lililogawanywa kwa viambaza. Maji hufurika kutoka tangi la juu, hushuka kwa bomba, hupita chumba hadi chumba yakisafishwa, kisha pampu huyarudisha yalikotoka.

Haja yake inatokana na hali ya samaki wenyewe. Samaki hutoa amonia kupitia mashavuni, na amonia ni sumu. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, na wa kundi jingine huigeuza nitriti hiyo kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Maji ya bahari yana kiwango cha pH cha takriban 8.1 hadi 8.4, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sumu ya amonia inavyozidi makali. Aidha, maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu kuliko maji matamu yenye joto sawa.

Mkazi wa Nairobi ana mzigo wa ziada. Jiji hilo liko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo, hivyo oksijeni inayoyeyuka majini hupungua zaidi. Samaki aliyezaliwa katika miamba ya Shimoni au Kilifi hakuumbiwa hali hiyo. Maji yanayofurika na kuanguka chini mchana kutwa humsaidia kupumua, seuze kusafishwa.

Chumba cha kwanza cha sampu hupokea maji kutoka juu, na aghalabu huwekwa soksi ya kitambaa inayonasa mabaki ya chakula na kinyesi. Soksi hiyo yafaa kufuliwa kila baada ya siku tatu au nne. Ikiachwa wiki mbili, uchafu ulionaswa huoza papo hapo na kuyachafua maji ambayo soksi iliwekwa kuyasafisha.

Kinachofuata ni chombo cha kutoa povu. Hiki huchanganya maji na viputo vidogo sana vya hewa, protini na mafuta hunata kwenye viputo hivyo, nalo povu la kahawia hupanda na kukusanyika kikombeni. Chombo hiki hufanya kazi vyema katika maji ya chumvi kwa sababu humo viputo huwa vidogo na havivunjiki upesi. Kinataka kina cha maji kisichobadilika, mara nyingi baina ya sentimita 15 na 25 kulingana na maagizo ya aliyekitengeneza. Kwa hivyo kiambaza kinachofuata ndicho hupima kina hicho, na ni busara kununua chombo kwanza kisha kukata vioo baadaye.

Wengine hutenga chumba cha mwani na mawe yenye bakteria. Mwani hula nitrati, na ukiwashiwa taa usiku wakati taa za juu zimezimwa, huzuia pH isishuke mno kabla ya alfajiri. Kisha huja viambaza vitatu vilivyokaribiana, cha kati kikiwa kimeinuliwa takriban sentimita tatu kutoka sakafuni, ili maji yapite juu, chini, kisha juu tena na kuacha viputo nyuma. Chumba cha mwisho ni cha pampu.

Kuna kifaa kilichotamba zamani ambacho leo wengi wamekitupa. Baada ya makala za Mholanzi George Smit kuchapishwa Marekani mwaka 1986, wafugaji wengi walijaza sampu zao vijipira vya plastiki vilivyonyunyiziwa maji. Vijipira hivyo viliondoa amonia kwa ufanisi mkubwa, ila vilinasa uchafu na kurundika nitrati pasipo njia ya kuiondoa, jambo lililodhuru matumbawe.

Hesabu ndiyo kiini cha kazi yote. Chukua tangi la juu lenye vipimo vya ndani vya sentimita 120 kwa 50, na kimo cha 50. Hilo hubeba lita 300 likijaa. Kila sentimita moja ya kimo chake ni lita sita. Chini yake kuna sampu ya sentimita 90 kwa 40, na kimo cha 40, ambamo kila sentimita ni lita 3.6. Ikiwa maji ya sampu husimama kwenye sentimita 22 pampu inapofanya kazi, nafasi iliyobaki juu yake ni sentimita 18, yaani karibu lita 65.

Pampu ikizimika, maji ya juu huendelea kufurika hadi yafike kwenye ukingo wa tundu la kutokea. Pengine ni sentimita mbili, yaani lita 12. Ongeza yaliyomo mabombani na katika kisanduku cha kufurikia, na bado sampu ina nafasi ya kutosha.

Tatizo ni bomba la kurudishia maji. Mdomo wake ukizamishwa sentimita 10 chini ya uso wa maji, umeme ukipotea bomba hilo hunyonya maji kinyume na kuyashusha hadi hewa iingie mdomoni. Sentimita 10 ni lita 60. Ukijumlisha na ya mabombani na kisanduku, zile lita 65 hazitoshi tena. Kosa la sentimita nane tu hugeuza usiku wa kawaida kuwa wa kukausha nyumba.

Dawa yake ni kuuweka mdomo huo karibu na uso wa maji, au kutoboa tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo ya usawa wa maji, ili hewa iingie mapema. Tundu hilo lazima lisafishwe mara kwa mara, maana konokono na magamba ya chokaa hulipenda. Wapo wanaotegemea vali ya kuzuia maji kurudi. Hiyo yaweza kuwa msaada, lakini haifai kuaminiwa peke yake, kwani chembe moja ya mchanga hutosha kuiacha wazi.

Ajali ya pili huja kinyume chake, nayo haihitaji umeme kupotea. Konokono au mwani akiziba bomba la kushukia, pampu huendelea kusukuma maji juu hadi yamwagike. Hapa ukubwa wa chumba cha pampu ndio huokoa. Chumba cha sentimita 25 kwa 40 chenye maji ya kina cha 22 kina lita 22 pekee. Tangi la juu likiachiwa sentimita nne tupu hadi ukingoni, laweza kupokea lita 24. Pampu itamaliza maji ya chumba chake na kukwama, pasipo tone kumwagika. Kwa sababu hiyo wenye uzoefu huweka mabomba mawili ya kushukia, moja la kazi na jingine la dharura lisilo na maji, lenye mdomo ulioinuliwa kidogo.

Udogo wa chumba hicho una gharama yake. Maji yanapovukiza, upungufu wote huonekana humo, lita moja kwa kila sentimita. Kwa kuwa chumvi haivukizi, kinachoongezwa ni maji matamu yaliyoondolewa klorini, wala si maji ya chumvi. Anayeongeza ya chumvi kila siku hupandisha kiwango kutoka 35 kwa kila 1,000 hadi samaki waanze kudhoofika bila sababu ya wazi. Kiboya cha kujaza maji chenyewe hurahisisha kazi, almuradi ndoo inayokilisha iwe ndogo, kwa maana kiboya kikikwama, ndoo nzima itaingia.

Kuhusu nguvu ya pampu, mzunguko wa mara tatu hadi sita ya ujazo wa tangi kwa saa unatosha, yaani lita 900 hadi 1,800 kwa mfano huu. Takwimu iliyoandikwa kwenye kasha la pampu hupimwa bila mwinuko wowote. Maji yakipandishwa mita moja na nusu, kiasi halisi hupungua sana.

Waya zote ziachwe zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuiingia, ili tone linalotambaa juu ya waya lidondoke sakafuni. Soketi ziwe ukutani, pembeni mwa sampu, zikilindwa kwa swichi inayokata umeme pindi unapovuja. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni ya lazima mahali ambapo umeme hukosekana kwa saa kadhaa. Samaki hawafi haraka kwa kukosa kuchujiwa maji, bali kwa kukosa hewa.

Kwa wakazi wa Mombasa na Malindi, adui ni joto badala ya baridi ya Julai ya Nairobi. Feni ndogo inayopuliza juu ya sampu huyapoza maji, ingawa huongeza uvukizaji. Maji yafaa kukaa kati ya nyuzi 24 na 27.

Kabla ya kutia chumvi, mfumo wote hujazwa maji ya kawaida na swichi kuzimwa makusudi. Kimo ambacho maji hufikia chini huwekewa alama kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha swichi huwashwa na kuzimwa tena mara kadhaa, saa tofauti. Baadaye bomba la kushukia huzibwa kwa kitambaa ili kuijaribu ile ajali ya pili. Likivuja, hakuna anayeumia. Baada ya hapo hutiwa chumvi na mawe, na bakteria huchukua majuma manne hadi manane kuenea. Vipimo vikionyesha kwamba amonia na nitriti zimetoweka, ndipo samaki wa kwanza aliyevuliwa na mpiga mbizi mwenye leseni huletwa nyumbani.