Karafuu Yaongoza Maabara, Brokoli Yaongoza kwenye Ngozi

Miale ya urujuanimno ya jua ikiingia kwenye ngozi, huzalisha ndani ya seli molekuli kali za oksijeni zinazoshambulia mafuta, protini na DNA. Mimea inashinda juani kutwa na haina pa kukimbilia, ndiyo maana imejaa kemikali za kuzima molekuli hizo. Mmea upi unaongoza? Hapo inategemea umepimia wapi.

Kwenye chupa ya maabara, karafuu iko mstari wa mbele miongoni mwa viungo vya jikoni. Watafiti wa Oslo walichapisha mwaka 2010 vipimo vya nguvu hiyo ya kuzima katika vyakula zaidi ya 3,100, na katika kundi la viungo karafuu kavu ikashika namba moja. Wapemba, walimaji wa karafuu, wana haki ya kujivunia. Lakini mafuta ya karafuu yakipakwa bila kuzimuliwa huwasha na hata kuunguza ngozi, na mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake la vipimo vya namna hii kwa sababu namba za chupani hazielezi kinachotokea mwilini.

Kwa vitamini C, ambayo nayo huzima molekuli hizo, sifa zinakwenda kwa tunda la Kakadu la kaskazini mwa Australia: gramu 100 zaweza kuwa na zaidi ya miligramu 2,000, wakati chungwa lina kama 50. Tatizo la vitamini C ni kwamba ikikutana na hewa na mwanga hugeuka rangi ya kahawia na kuisha nguvu. Mwaka 2005 Sheldon Pinnell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke waliichanganya na vitamini E, kisha wakatia asidi ya feruliki, ambayo ipo kwa wingi kwenye pumba za mpunga na ngano. Mchanganyiko ukatulia, na kinga ya ngozi ya nguruwe ikapanda kutoka mara nne hadi mara nane.

Kwangu mimi, yanayostahili taji ni machipukizi ya brokoli. Sulforafani iliyomo haizimi yenyewe zile molekuli. Inaamsha protini iitwayo Nrf2, nayo inaiamuru seli itengeneze vimeng'enya vyake vya ulinzi. Kundi la Paul Talalay wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins liliwapaka watu sita dondoo la machipukizi hayo kwa siku tatu, kisha likawamulika kwa miale ya urujuanimno. Wekundu wa ngozi ulipungua kwa wastani wa asilimia 37.7, kama lilivyoripoti mwaka 2007. Kinga iliendelea kwa siku kadhaa, sulforafani yenyewe ikiwa imeshaondoka. Watu sita ni wachache, lakini hii ilikuwa ngozi hai ya binadamu.

Chai ya kijani nayo ina rekodi yake kwenye ngozi, ingawa si ya jua: mwaka 2006 marhamu ya masundosundo iliyotokana nayo ikawa dawa ya kwanza ya mimea kuidhinishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, chini ya mwongozo wake wa dawa za mimea, uliokuwa mpya wakati huo.

Na mwenye madhara naye yumo jikoni mwetu. Maji ya ndimu yana kemikali zinazoamshwa na mwanga wa jua. Ukijipaka usoni ukatoka nje, unaweza kupata malengelenge, kisha mabaka meusi yanayokaa miezi.