Mkono wa chuma wa Hudiksvall

Msomaji aliyekwisha kutazama watu wakipakiza magogo juu ya kamyo kwa mikono yao anajua kazi hiyo ilivyo: miti ya kuegemeza, kamba, sauti za kuitikiana, na hofu ya kwamba gogo litarudi nyuma na kumponda mtu. Hata katika Uswidi, nchi yenye mwitu mwingi sana, walipakiza hivyo zamani.

Katika mji wa Hudiksvall, kando ya Ghuba ya Bothnia, aliishi Eric Sundin, mtengenezaji wa mbao zile ambazo watu wa nchi za baridi huzifunga miguuni ili wateleze juu ya theluji. Yeye alitambua jambo ambalo wengi walilipita bila kulitazama: watu wanapotoka jasho, mashini ya kamyo, yenye nguvu kuwapita wote, imepumzika. Kwa nini isisaidie? Mwaka 1944 ikaanzishwa kampuni ya Hydrauliska Industri AB, na herufi zake za kwanza ndizo HIAB. Mwaka 1947 ukatoka mkono wa kuinulia ulioitwa HIAB 19.

Hapa hapana uchawi. Mashini ya kamyo huzungusha pompi, nayo pompi husukuma mafuta katika mabomba hata yaingie ndani ya silinda ya chuma. Mafuta hayakubali kushindiliwa yakapungua. Basi pistoni haina budi kusogea, na mkono huinuka pamoja na gogo lake. Mwendeshaji hushika vipini vidogo tu, kama mtu afunguaye mlango.

Kampuni ikakua, tena ikanunuliwa. Mwaka 2002 Kone ya Ufini iliichukua Partek, iliyokuwa na Hiab, na mwaka 2005 Kone ikagawanyika, ikazaliwa Cargotec. Kwa kazi za mwituni nyumba hiyo ilikuwa na majina mawili, Loglift na Jonsered. Mwaka 2025 Cargotec yenyewe ikaacha jina lake na kuitwa Hiab: mtoto amempa mzazi jina!

Na Hudiksvall? Katika miaka ya 2010 kazi ya kutengeneza mikono hiyo ilihamishwa mpaka Stargard, katika Poland. Hatusemi kwamba wenye mali hawajui hesabu. Lakini mashini huhamishwa kwa kamyo. Fundi mwenye nyumba, mke na watoto shuleni hahamishwi hivyo.